Siku Baba Alipong'oa Kiti cha Mbele

Juzi nilipeleka makochi yangu kwa mafundi yabadilishwe vitambaa. Fundi akafungua kopo la gundi, ile ya njano inayovutika kama asali, mwenzake akawa anakata sponji mpya kwa kisu kirefu, na vumbi la mbao lilikuwa limetanda kila mahali. Harufu ile iliponifikia nikatafuta benchi nikakaa. Fundi alidhani nimeshikwa na kizunguzungu, akaagiza maji. Nilimwambia ni harufu tu, itapita. Sikumwambia kwamba nilipokuwa mtoto harufu hiyohiyo ndiyo iliyonifanya niamini kuwa baba yangu anauza damu za watu.

Kwetu ni kando ya barabara ya Masoko, ukishateremka kutoka Tukuyu mjini, pale migomba na kahawa inapoanza kushikana. Baba alikuwa dereva wa shamba la chai. Shamba lilipopata wenye mali wapya, madereva wakapunguzwa, naye akapewa kiinua mgongo chake na kusafiri hadi Dar es Salaam. Wengi walitegemea angerudi na mabati au mashine ya kusaga. Alirudi na kijipu.

Kilikuwa kigari kifupi, cha milango miwili na mlango mmoja wa nyuma, rangi ya kijani iliyopauka, na kwenye kioo kulikuwa na karatasi yenye maandishi ya Kijapani ambayo baba hakukubali ibanduliwe. Kwenye tope la masika kilipanda mahali ambapo malori yalikwama. Ilikuwa miaka ile ambayo ruhusa ilikuwa imetoka: sabuni na sukari zilikuwa zimerudi madukani, nguo za mitumba zimefika mpaka vijijini, watu waliokuwa hawana wakaanza kuwa nacho. Na kila mwenye kitu kipya aliulizwa kwa macho amekipata wapi. Watu walimsalimia baba, wakamsifia gari, kisha wakageuka kutazama matairi yake kama wanaotafuta kitu kilichonasa.

Mama alikuwa na mipango yake. Alikuwa mfanyabiashara wa ndizi, na shingo yake ilikuwa imechoka kubeba mikungu. Nyuma ya kijipu aliona mahali pa ndizi, na kiti cha mbele, upande wa kushoto, aliona ni chake. Jumapili alikikalia kwenda kanisani akiwa amejifunga khanga zake nzuri, mkono mmoja nje ya dirisha, akiwaitikia watu salamu kabla hawajamsalimu.

Kisha baba akaenda Mbeya kwa shughuli ambayo hakuisema, akarudi hataki kula. Kesho yake akachukua spana akaanza kung'oa viti vya nyuma, vile viwili vinavyotazamana. Mama alifurahi sana. Alijua zamu ya ndizi imefika. Lakini baba alipomaliza nyuma alihamia mbele, akalala chini ya dashibodi, akafungua nati za kiti cha kushoto. Akakitoa, akakiegemeza kwenye ukuta wa jiko, kikiwa bado na alama ya mahali mama alipokuwa akikaa.

"Baba Atu," mama akasema, "na mimi nitakaa wapi?"

"Kwa sasa utapanda basi."

"Basi! Na gari liko hapa uwanjani?"

"Ni kwa muda tu."

"Muda wa nini?"

Baba akachukua parafujo tatu, akazibana kwa midomo. Tangu siku hiyo nilizoea kumwona hivyo. Kila ukimwuliza jambo, alikuwa na parafujo mdomoni.

Kazi iliyofuata aliifanya mwenyewe, kwa mbao alizozipiga randa palepale uwanjani. Alipima upande wote wa kushoto, kuanzia kwenye dashibodi mpaka mlango wa nyuma, kwa sababu gari lenyewe lilikuwa fupi na alichokitaka kilikuwa kirefu. Akaunda fremu yenye miguu minne na kuifunga kwa boliti kwenye matundu ya viti vya zamani, isicheze. Juu akaweka plaiwudi, akapaka gundi, akabandika sponji, akaizungushia ngozi bandia nyeusi. Chini ya fremu akatengeneza droo. Kwenye upande wa ukuta akafunga mikanda aliyoikata kwenye gari bovu, na darini akakaza ndoano. Nilikuwa nikitoka shule namkuta amelala ndani yake, macho juu, miguu ikitokeza kidogo, kisha anainuka, anakata tena ubao. Yeye alikuwa mrefu, lakini aliunda kwa ajili ya mtu mrefu zaidi.

Mambo mawili yalimuumiza mama kuliko yote. La kwanza, baba aliweka mapazia kwenye madirisha. La pili, mapazia hayo alikwenda kushonesha mjini Tukuyu, wakati mama alikuwa na cherehani yake chumbani. Mama alichukua kitambaa akafunika ile cherehani, akaenda nyuma ya jiko alikokuwa Mama Sekela, jirani yetu, wakawa wanamenya ndizi. Mimi nilikuwa naosha sufuria.

"Kitanda, shoga yangu," mama alisema kwa sauti ya chini. "Na mapazia. Mwanaume anaweka kitanda ndani ya gari ampeleke nani?"

"Yule wa Isongole?" Mama Sekela aliuliza haraka, kama aliyekuwa na jibu tayari.

"Sijui ni wa wapi. Ila yupo."

Sikuelewa. Nilichokishika ni kwamba kuna mtu, mama anamwogopa, na kitanda ni cha kumlaza. Kesho yake nikamwuliza Sekela, mtoto wa Mama Sekela, ambaye tulikaa dawati moja na ambaye hakuna jambo alilowahi kusema halijui. Aliniuliza kama gari lina mapazia. Nikasema ndiyo. Akauliza kama lina mikanda ya kumfunga mtu. Nikasema ndiyo. Akauliza kama kuna mahali pa kuning'iniza mpira wa kunyonyea, nikakumbuka ndoano ya darini, nikasema ndiyo.

"Baba yako ni mumiani," Sekela akasema. "Wanamlaza mtu, wanamnyonya damu mpaka anakuwa mweupe, wanakwenda kuiuza. Ndiyo maana amepata gari."

Mambo yote yaliyokuwa yamekaa vibaya kichwani mwangu yakajipanga. Nilianza kumchunguza baba. Nilitazama kucha zake. Nilinusa shati lake lililotundikwa na kukuta harufu ya gundi, nikajua ndiyo dawa wanayoitumia. Alipoleta beseni la plastiki na kipande cha mpira mwekundu, ule wa kutandika kitandani hospitalini, akaviweka kwenye droo, sikuweza kula siku hiyo. Bibi, mama yake baba, aliyekuwa na nyumba yake ng'ambo ya uwanja wetu, naye alikuja akazunguka gari akiwa ameshika mkongojo, akachungulia.

"Hiki ni cha nini, mwanangu?"

"Cha kubebea mizigo inayovunjika, mama. Mayai, vyombo."

Bibi akabonyeza sponji kwa kidole. "Mayai hayalali kwenye godoro," akasema, akaenda zake. Hata yeye hakumwamini.

Jumamosi moja baba akaniita. "Atu, njoo. Panda hapa ulale."

Nilimtafuta mama kwa macho, lakini alikuwa sokoni. Nilipanda. Baba alinifunga mkanda mmoja kifuani na mwingine mapajani, akatikisa kuona kama imekaza, akafunga mlango. Gari likaondoka kuelekea Masoko. Barabara ilikuwa mbaya, mawe na makorongo, na kila tulipogonga shimo mimi nilikuwa nikisali sala ya kulala kwa sababu ndiyo pekee niliyoikumbuka yote. Nilijua tunakwenda ziwani. Watu walisema ziwa la Masoko halina mwisho chini, na mtu mweupe asiye na damu angezama vizuri tu.

Gari likasimama. Baba akageuka kwenye usukani.

"Umeumia wapi?"

"Sijaumia."

"Sema kweli. Mgongo? Kisigino?"

"Kisigino kinagonga ubao."

Akatikisa kichwa, akawaza. "Na dirishani umeona nini?"

Niliona hilo ni swali la mtego. "Sijaona kitu, baba. Sitamwambia mtu."

Alinitazama kwa mshangao. Akaligeuza gari, tukarudi polepole. Tulipofika mahali ambapo migomba imeachana akasimama tena. "Sasa tazama. Mlima unauona?"

Mlima Rungwe ulikuwa umetokeza, mawingu kiunoni. "Naona kichwa tu," nikasema.

"Kichwa tu," baba akarudia, kama daktari aliyesikia jambo baya. Tulipofika nyumbani alifungua fremu yote na kuirefusha miguu, akabandika sponji nyingine pale visigino vinapokaa. Mimi nilikimbilia kwa Bibi, nikajificha nyuma ya mitungi. Nilijiona nimepona kwa sababu nilikuwa mfupi mno. Nikaanza kuwatazama watu warefu wa pale kijijini, mmoja mmoja, nikiwaonea huruma.

Siku baba alipoondoka ilikuwa ya soko. Alipita mjini akanunua shuka mbili nyeupe, akajaza mafuta, akashika barabara ya Mbeya. Mama Sekela alikuwa sokoni na mabunda yake ya mboga, na aliziona shuka. Kisha akakutana na kondakta wa basi la Mbeya, akamsikia akimwambia mtu kwamba Ipyana yuko wodini na hali yake si nzuri. Ipyana alikuwa mdogo wake baba, baba yangu mdogo, mtu mrefu aliyekuwa akifanya biashara ya mitumba kati ya Dar na Tunduma na ambaye alikuwa hajaonekana nyumbani kwa muda mrefu. Mama Sekela akachukua wodi, akachukua shuka nyeupe, akachukua kitanda chenye urefu wa mtu na mapazia ya kufunga, akaviunganisha. Kabla hajafika kwetu, hali ilikuwa imeshakuwa kifo.

Mimi nilikuwa nafagia uwanja alipoingia mikono kichwani. "Mama Atu! Kumbe alikuwa anaunda gari la kuletea maiti ya Ipyana, nasi tunamsingizia!"

Mama alikaa chini palepale. Alilia kwa kilio ambacho sikuwahi kukisikia kwake, na sasa ninapokikumbuka nadhani kilikuwa na mambo mengi ndani yake. Alikuwa amemwombea mabaya mwanamke wa Isongole ambaye hakuwapo. Bibi alitoka kwenye nyumba yake, akauliza nani, akaambiwa. "Kyala!" akamwita Mungu mara moja tu, akajifunga khanga kiunoni na kwenda kukaa kwenye mkeka.

Kwetu msiba hausubiri. Haukupita muda uwanja ulikuwa umejaa. Wanawake waliingia na mikungu ya ndizi kichwani, wanaume wakaleta mabenchi ya kanisani, moto ukawashwa. Vijana wakauliza kaburi linakaa wapi, mzee mmoja wa ukoo akaonyesha kwenye mteremko ulio chini ya nyumba ya Bibi, wakaanza kukata migomba kupata nafasi. Nilisikia panga zikigonga mashina mabichi. Na mimi nilikuwa nimesimama kando ya jiko nikifikiri kwamba nilifungwa mkanda kwenye kitanda cha maiti, na kwamba baba alinipima ili ajue maiti ataona nini dirishani. Sikuelewa kwa nini maiti aone kitu.

Kijipu kilifika jua likiwa bado juu. Kiliposikika kwenye kona kilio kilipanda mpaka ndege wakatoka kwenye miti. Baba aliingia uwanjani, akasimamisha gari katikati, akatoka akiwa amekodoa macho. Nadhani alifikiri Bibi amefariki, maana alitafuta mkeka kwanza, akamwona Bibi amekaa, akazidi kuchanganyikiwa.

Hapo pazia la dirisha la kushoto likavutwa kutoka ndani. Uso ukatokea, mwembamba, macho makubwa, kofia ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi.

"Kaka," sauti ikasema, "nani amekufa?"

Waliokuwa wakilia walibaki midomo wazi. Mwanamke mmoja alikuwa ameinua mikono juu, akasahau kuishusha. Kule chini ya nyumba panga moja liliendelea kugonga, kwa sababu mkataji hakujua kitu, mpaka mtu akamkimbilia.

"Nani amewaita?" baba akauliza. Watu walitazama miguu yao. Akauliza tena, sasa kwa hasira, na kabla mtu hajamtaja mwenzake Bibi alikuwa amenyanyuka. Hakushika mkongojo. Alikwenda nyuma ya gari, akafungua mlango, akapanda kwa magoti kama mtoto, akatambaa mpaka kwenye kile kitanda. Tulimwona kupitia kioo akimshika mwanawe shavu, shingo, kifua. Kisha akatoa kichwa nje.

"Ni mzima. Ndizi zishaiva, pakueni tule."

Lakini haikuwa rahisi hivyo. Ugonjwa ule siku hizo haukutajwa jina, watu walisema tu "anaumwa," wakilivuta neno. Sasa walimwona alivyokonda, na hofu ikawarudisha nyuma hatua kwa hatua mpaka uwanja ukawa na uwazi mkubwa kuzunguka gari. Baba mdogo aliona. Alitoa mkono dirishani.

"Mmetoka mbali kuja kunililia," alisema. "Basi nisalimieni."

Mkono ulibaki pale. Nilimwona baba anaanza kwenda, lakini mama alikuwa ametangulia. Alikuwa bado na machozi usoni. Akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili, akapiga magoti kidogo kama anavyomsalimu mkubwa, ingawa huyu alikuwa shemeji yake mdogo.

"Ugonile, shemeji."

"Ndaga, shemeji. Nimekalia kiti chako, naambiwa."

"Kikalie."

Baada ya hapo wakaja wengine, si wote. Mama Sekela alikuja wa mwisho, amejifunika khanga mpaka puani, akagusa vidole tu, akaondoka.

Watu walipotawanyika mama na baba walibaki kando ya jiko, karibu na kile kiti kilichoegemezwa ukutani. Niliwasikia.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa. Kuna mtoto humu ndani."

"Hukuniuliza," mama akasema. "Ungeniuliza kwanza, ndipo ujue kama ningekataa."

Baba hakuwa na parafujo siku hiyo. Alisema kwamba hospitali ilikuwa imewaambia hakuna zaidi cha kufanya. Mabasi yalimkataa, na kukaa asingeweza kwa sababu ya mgongo. Alisema aliogopa kumwambia mama yake, na aliogopa kijiji kizima kuanza kumlilia mtu anayepumua. "Na ndicho walichofanya," akasema, akacheka vibaya, kisha akaziba uso.

Baba mdogo hakutaka kuingia nyumbani. Alisema ndani kuna dari tu. Alikaa kwenye kijipu, na baba akawa dereva wake wa uwanjani: asubuhi alitaka kutazama barabara, mchana mashamba ya chai kule ng'ambo, jioni mlima. Kila mara injini ikiwashwa kwa ajili ya mwendo wa kutoka mgombani hadi jikoni tulicheka, naye alicheka zaidi. Mama alimpikia, akamwosha kwenye lile beseni, chupa ya dawa wakaitundika kwenye ndoano mganga wa zahanati alipokuja. Mimi nilichukua muda kumzoea. Nilikuwa nikimpelekea uji nikiuweka mlangoni na kukimbia, mpaka siku aliponiuliza, "Atu, naambiwa wewe ndiye uliyekijaribu. Kilikuumiza wapi?"

"Kisigino," nikasema.

"Basi nakushukuru. Nimeuangalia mlima tangu Isongole bila kuumia."

Nilikaa ukingoni mwa kitanda. Nikamwuliza kama baba aliwahi kuuza damu. Alicheka mpaka akakohoa, nikalazimika kumwita mama.

Aliishi nasi mpaka maparachichi yalipoanza kuanguka. Alifariki mchana, pazia likiwa wazi, Bibi amekaa kwenye nafasi ndogo kati ya kitanda na kiti cha dereva. Baba alinituma kwa majirani, na wale walionisikia walinitazama tu. "Una hakika?" waliniuliza. "Nani amekwambia?" Wengine waliendelea kupalilia. Mama akaenda mwenyewe nyumba kwa nyumba. Walikuja mikono mitupu, wakasimama kwenye uzio, wakisubiri mmoja atangulie kuona. Mama Sekela ndiye aliyetangulia. Alikwenda moja kwa moja kwenye dirisha, akachungulia kwa muda mrefu, akainamisha paji la uso kwenye bati la gari, ndipo kilio kikaanza.

Vijana walichukua majembe wakateremka palepale walipokuwa wamekata migomba mara ya kwanza. Mashina yalikuwa yameshachipua, majani mapya marefu kama mkono wa mtu mzima, mabichi kabisa. Mmoja aliinua panga. Bibi alikuwa amewafuata bila wao kujua.

"Hapo acheni," aliwaambia. "Hapo palikuwa pa uongo. Chimbeni kule juu, karibu na barabara. Huyu alipenda kuona wanaopita."

Wakabeba majembe yao, wakapanda kuelekea barabarani.